Wachuuzi waulizwe nini kabla soko halijachorwa?

Swali: "Mzee wetu, salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni msanifu majengo, nimemaliza chuo miaka michache iliyopita. Kampuni ndogo ninayofanyia kazi imepewa kuchora upya soko la mtaa hapa mjini, soko la kila siku lenye gulio kubwa mara moja kwa wiki. Nilitengeneza dodoso kwenye simu nikalisambaza katika makundi ya WhatsApp. Wamejibu zaidi ya mia tatu, na wengi mno wanataka jengo la ghorofa, la kisasa, lenye vioo. Nilipowapelekea viongozi wa soko matokeo, akina mama wanaouza samaki wakavu na unga wa muhogo walikataa katakata. Nimsikilize nani? Niulize watu wangapi ndipo matokeo yaaminike? Na nimwambieje mteja wangu anayesema madodoso ni kupoteza pesa, kazi ya msanifu ni kuchora?"

Jibu:

Dada, wasikilize akina mama wa samaki. Wale mia tatu hawakudanganya, wamekujibu kwa moyo safi, ila ukichunguza utakuta wengi wao hawauzi chochote sokoni. Kundi la WhatsApp la mtaa lina vijana wenye simu janja na bando, lina walimu, lina watoto wa wachuuzi wanaoishi Kampala, lina wenye nyumba wanaotamani mji wao upendeze. Maoni yao yana nafasi yake na nitayarudia. Lakini mama anayefika saa kumi na moja alfajiri na gunia la muhogo ana simu ya kitochi, na wakati dodoso lako linazunguka, yeye alikuwa anapanga mafungu.

Wingi wa majibu hauponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu watamchagua nani kuwa rais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Franklin Roosevelt akashinda majimbo yote isipokuwa mawili. George Gallup, aliyehoji watu wachache kwa mbali sana lakini waliochaguliwa wafanane na wapiga kura, alimtaja mshindi sawasawa. Majina ya jarida lile yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ambayo maskini hakuwa na simu wala gari, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa zaidi wale waliomchoka Roosevelt. Kasoro zote mbili unazo kwenye dodoso lako: aliyefikiwa ni mwenye kifaa, na aliyejibu ni mwenye hamu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "wangapi", uliza "akina nani, na nimewapataje". Ukishachagua watu kwa bahati nasibu, kila mchuuzi akiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, hesabu yenyewe ni rahisi. Watu 100 wanakupa asilimia inayoweza kukosea kwa kama 10 juu au chini. Watu 400 wanashusha kosa hadi 5. Ukitaka 3, unahitaji zaidi ya 1,000. Soko likiwa na wachuuzi 900 tu, watu 270 hivi wanatosha kufikia ile 5, maana kundi lenyewe ni dogo. Kwa kazi yetu sisi wasanifu, mara nyingi hata kosa la 10 linavumilika. Hakuna ukuta utakaousogeza kwa sababu asilimia 62 imegeuka kuwa 57. Bora watu 120 waliopatikana vizuri, na kila mmoja ukakaa naye robo saa, kuliko mia tatu waliobonyeza simu wakiwa kwenye taksi.

Kuwapata vizuri ni hivi. Chukua daftari la wanachama kutoka kwa mwenyekiti wa soko, lakini usiishie hapo, kwa sababu daftari lina wenye vizimba tu. Halina mama aliyetandika turubai chini kwenye njia ya kuingilia, halina wanaokuja jioni na kupanga nyanya kando ya barabara kwa mwanga wa tochi, halina vijana wa toroli wala mwenye sigiri ya chapati. Na hao ndio watakaojaza jengo lako au kulizunguka siku ya kwanza. Tembea sokoni na karatasi, chora vijia, toa namba kila kizimba na kila turubai, kisha mchague wa tano, wa kumi, wa kumi na tano, hivyo hivyo mpaka mwisho. Akiwa hayupo, rudi baadaye kabla ya kumruka. Fanya zoezi hilo siku ya kawaida na siku ya gulio, alfajiri na jioni, maana soko moja lina watu tofauti kwa kila saa.

Kuna watu ambao bahati nasibu haiwafai. Wachuuzi wenye ulemavu wanaweza kuwa wachache kiasi kwamba sampuli yako itamgusa mmoja au isimguse yeyote, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 haikuachii nafasi ya kusema hukukutana nao. Hao watafute wote, kaa nao, tembea nao kutoka walikoshukia kwenye bodaboda mpaka kwenye meza zao. Takwimu za jumla za eneo, kama ukubwa wa kaya na hali ya maji, usizitolee jasho. Ofisi ya takwimu, UBOS, ilihesabu watu mwaka 2024 ikakuta tuko milioni 45.9, na mengi utakayotaka kujua kuhusu wateja wanaolizunguka soko sensa hiyo imeshayauliza.

Sasa nije kwenye maswali yenyewe, ambako ndiko kazi ya msanifu inapoharibika au kutengemaa.

Futa swali la "unataka soko la namna gani". Mtu akiulizwa hivyo na mgeni aliyeshika kishikwambi, hujibu kile kinachomheshimisha yeye na mgeni wake: ghorofa, vioo, vigae. Ukimwonyesha picha tatu, atachagua ile yenye mbingu ya bluu na miti. Kugeuza maisha kuwa jengo ni kazi yako, umeisomea. Mchuuzi naye ni bingwa wa siku yake, hakuna anayeijua kumshinda, basi muulize hiyo siku. Na usiseme "kwa kawaida", sema "jana". Jana ulifika saa ngapi? Mzigo uliubeba nani kutoka barabarani, na ulimlipa? Ulikalia nini? Jua lilikufikia saa ngapi? Mvua ya mwisho ilipokuja, ulikimbiza kitu gani kwanza? Bidhaa zililala wapi, na nani alizilinda? Mtoto alikuwa wapi ulipokuwa unauza?

Kila swali kati ya hayo lina mstari wake kwenye mchoro. Anayemlipa kijana wa toroli anakuambia upana wa kijia na mahali pa kushushia mizigo. Jua la saa tisa linakuambia paa litokeze kiasi gani upande wa magharibi. Aliyekimbiza unga kwanza anakuambia urefu wa meza kutoka ardhini na mahali mfereji utakapopita. Waingereza walipoandika upya vipimo vya nyumba za umma, katika ripoti ya kamati ya Parker Morris ya mwaka 1961, waliacha kupanga ukubwa wa kila chumba peke yake. Walianza na yale familia inayoyafanya ndani ya nyumba na samani inazozitumia, wakapima nafasi kwa hayo. Njia hiyo bado ni nzuri, na kwa soko ni nzuri zaidi.

Hapa nikuchukue polepole kidogo, kwa sababu kuna mtego. Siku ya mtu imeshapindishwa na jengo alilonalo. Chukua vyoo. Ukiuliza "je, vyoo vinatosha?", wengi watasema havitoshi, na hujapata namba. Ukiuliza "jana ulikwenda chooni mara ngapi?", utapata namba, na itakuwa ndogo, nawe utafurahi kuchora matundu manne. Lakini endelea kuuliza: jana ulikunywa maji saa ngapi? Utakutana na akina mama ambao tangu asubuhi hawajatia maji kinywani kwa makusudi. Choo kiko mbali, kinalipiwa kila mara, mlango haufungi, na wakiondoka hakuna wa kuwaangalizia meza. Ile namba ndogo ilikuwa kipimo cha ubaya wa choo kilichopo, na mahitaji ya mwili yalibaki yamefichwa nyuma yake. Mama mjamzito anakaa na kiu kwa muda wa saa kumi juani. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona, na haliwezi kujitokeza kwenye dodoso la kubonyeza ndiyo au hapana. Kwa hiyo kila swali la "ulifanya nini" lifuatishe na la "ni kitu gani unakiacha kukifanya, na kwa nini". Ukifanya hivyo, utagundua kwamba umbali wa choo, kufuli ya mlango, na jirani anayeweza kuiona meza yako ukiwa umeondoka vina uzito sawa na idadi ya matundu. Hiyo ya mwisho inagusa jinsi unavyopanga meza: zitazamane, zisipeane mgongo.

Na ghorofa? Usiulize kama wanaitaka. Uliza: mteja wako wa mwisho jana, mlikuwa mnafahamiana kabla? Alikuja kukutafuta wewe, au alikuona akipita? Mwenye nyanya atasema alikuwa anapita. Mwenye samaki wakavu pia, labda na harufu iliita. Fundi cherehani atasema alikuja kuchukua nguo yake. Msusi atasema ni mteja wa siku zote. Mtengeneza simu hivyo hivyo. Hapo umeshapata mgawanyo wa jengo lako bila kupiga kura: anayefuatwa kwa jina anaweza kupanda juu, anayetegemea mpita njia lazima abaki chini. Hapa Uganda tumeshajengewa masoko ya ghorofa mijini, na sote tumewaona wachuuzi wa nyanya na mboga waliopewa meza za juu wakishuka kupanga bidhaa barabarani, huku askari wa jiji wakiwafukuza. Tunawaita wakaidi, wakati wamefuata miguu ya wateja tu. Tena zingatia hesabu ya mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, ghorofa yenye kimo cha mita 3.6 inahitaji mteremko wa zaidi ya mita 43, bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia katikati. Kiwanja chako kina nafasi hiyo? Kama hakina, juu pasiwekwe kitu ambacho mwenye kiti cha magurudumu hatakipata chini.

Akina mama waliokataa ghorofa, nadhani, walikuwa wanakuambia hilo la wapita njia. Rudi kwao uwaulize.

Swali lingine linalosahaulika ni la riziki yenyewe. Hassan Fathy wa Misri, katika miaka ya 1940, alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, kwa ustadi mkubwa na kwa kujali familia moja moja. Wengi wa waliokusudiwa hawakukubali kuhama, kwa kuwa kipato chao kilitokana na kukaa pale pale penye makaburi ya kale. Nyumba zilikuwa nzuri na bado zinasifiwa. Kwa hiyo kwenye dodoso lako iwepo sehemu inayouliza pesa inaingiaje na inatokaje: mzigo unanunuliwa kwa nani, mkopo ni wa nani, ni jirani gani anayekuletea wateja. Muuza vitunguu anayekaa karibu na muuza nyama hakukaa hapo kwa bahati.

Majibu yakikusanyika, usikimbilie wastani. Tuseme muuza dagaa anahitaji meza ya mita moja na muuza mitumba anahitaji mita tatu. Wastani ni mita mbili, na kizimba cha mita mbili kitamfanya wa kwanza alipie nafasi asiyoitumia na wa pili amwage nguo kwenye kijia. Chora majibu yote kwenye mstari uone yanarundikana wapi. Pakiwa na vilima viwili, chora vizimba vya aina mbili. Vivyo hivyo, kura ya wengi haimalizi jambo: wachache wenye samaki wakishindwa na wengi wenye nguo, harufu haitaondoka kwa sababu walishindwa. Watafutie upande upepo unakoelekea, wape maji na sakafu ya kuosha.

Kuna kitu kimoja kinachozidi dodoso kwa mbali, na ni cha bei ndogo. Jumapili mchana, soko likiwa tulivu, chora kizimba chako chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na kijia na meza ya jirani. Weka mbao juu ya matofali kwa kimo ulichokipanga. Kisha mwombe mama alete bidhaa zake azipange. Nyamaza, utazame. Atasogeza gunia mpaka pale ulipodhani ni pa kupita. Atatafuta pa kuweka ndoo ya maji, pa kutundika mkoba wa pesa, pa kumlaza mtoto. Atainama kwenye meza yako, kisha atavuta kigoda akae, nawe utaona kwamba kimo ulichokitoa kitabuni ni cha mtu anayeuza amesimama. Mwite mwingine apite kwenye kijia na beseni kichwani, na kijana wa toroli kutoka upande wa pili. Pima wanapopishana. Pamoja na hilo, weka mtu kwenye kila mlango wa soko ahesabu wanaoingia kila robo saa, siku ya gulio na siku nyingine. Watu hukosea kukumbuka saa za msongamano, lakini hesabu ya mlangoni unaweza kuirudia mpaka uiamini.

Kuhusu utaratibu nitakuwa mfupi. Pita kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na kwa uongozi wa soko kabla ya kumuuliza mtu yeyote, na wadodosaji wako wawe na barua. Ikiwa kazi itachapishwa kama utafiti wa kitaaluma, taratibu za Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia nazo zinakuhusu. Majina na namba za simu usichukue kama huna kazi nazo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakubana, na pia mtu aliyeandikwa jina haongei ukweli kuhusu mapato. Mchuuzi akiona karatasi, wazo la kwanza ni kodi, la pili ni kufukuzwa. Mwambie mwanzoni kabisa kazi hii ni ya nani, ni nini kitabadilika kwa majibu yake na ni nini hakitabadilika. Kama eneo la soko limeshaamuliwa, usimuulize maoni yake kuhusu eneo. Hapo Arua maswali yaandikwe kwa Kilugbara na Kiswahili, kisha mtu mwingine ayarudishe katika lugha uliyoanzia ili uone kama yamefika salama. Yajaribu kwa watu kumi kwanza. Programu kama KoboToolbox inakusanya majibu hata pasipo mtandao, kwa hiyo wadodosaji wanaweza kuzunguka siku nzima bila bando.

Sasa mteja. Usibishane naye kuhusu elimu ya utafiti, zungumza naye ushuru. Soko linajiendesha kwa malipo ya vizimba, na kizimba kisichokaliwa hakilipi. Ghorofa moja ikibaki tupu, saruji na chuma chake vimelala, na mkusanya ushuru bado anawafuata wachuuzi barabarani. Kisha mwekee mezani karatasi moja yenye safu tatu: swali, jibu lililopatikana, na kilichobadilika kwenye ramani. Swali lisilo na safu ya tatu liondoe kabla hujaenda sokoni, hata kama linapendeza. Mteja akiona kwamba kijia kimetoka mita moja na nusu kikawa mbili nukta mbili kwa sababu toroli na beseni hazikupishana, hatauliza tena pesa ilikwenda wapi. Kwenye mkataba, liweke zoezi hili kama awamu yenye malipo yake, kabla ya michoro ya awali. Ongeza na awamu ndogo ya mwisho: kurudi baada ya soko kukaliwa na kupitiwa na msimu mmoja wa mvua, na maswali yale yale ya "jana". Watu wengi wanaiona kama anasa. Mimi ningeacha vioo vyote vya jengo kabla ya kuiacha hiyo, maana mlango uliowekwa vibaya mwaka wa kwanza bado unarekebishika.

Majibu yale mia tatu usiyafute. Yatenge kama maoni ya wateja na majirani, na uwarudie hao hao kwa maswali mafupi: mara ya mwisho ulipokwenda sokoni ulifika kwa usafiri gani, uliingilia wapi, uliondoka saa ngapi, kuna mahali ulipoogopa kupita? Yatakusaidia kuweka taa, milango na stendi ya bodaboda. Vizimba na vyoo waachie wanaovitumia kutwa. Ukishamaliza kuwahoji hao, bandika matokeo kwenye ukuta wa ofisi ya soko kwa Kilugbara na Kiswahili, kwa herufi kubwa, wiki moja kabla hujaanza kuchora, ili mama wa samaki akiona umemnukuu vibaya apate nafasi ya kukusahihisha.